Nani alikwambia rivolva haikwami?

Jumamosi nilikuwa kinyozi hapa Umoja, watu wanne mbele yangu, na tivii ya ukutani inaonyesha sinema ya zamani ya Marekani. Jamaa anachomoa rivolva fupi kwenye soksi, anaangusha watu kama tisa hivi, halafu anairudisha kama mtu anayerudisha simu mfukoni. Silinda ya risasi tano au sita, watu tisa. Hakuna aliyehesabu. Ubishi ulioanza ulikuwa mwingine: mguu wa kuku wa kuaminika ni upi? Wasee wawili wakaapa ni rivolva. Ati bastola ya magazini hukwama, lakini rivolva ni kama jiko la makaa, haina mambo mingi. Kinyozi akazima mashine kichwa cha mteja kikiwa nusu, akaunga mkono.

Kwenye kona kulikuwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bunduki. Hakusema ni jeshi au polisi, na mtaani huulizi. Akasema tu, "Nyinyi vijana mnasifu chuma. Ulizeni risasi," kisha akarudi kwa gazeti lake.

Hilo neno lilinikaa. Chuo sikumaliza lakini kusoma sikuacha, kwa hivyo usiku huo nilikesha kwa simu hadi bando ikaisha. Mzee alikuwa sawa.

Tuwape wale wasee haki yao kwanza, kwa sababu nusu ya maneno yao ni kweli. Risasi ikikataa kulia ndani ya rivolva, unavuta traiga tena, silinda inazunguka, risasi nyingine inakuja. Bastola ya magazini ikipata risasi mbovu, lazima uitoe kwa mkono kwanza. Sifa ya rivolva ilitoka hapo.

Lakini sifa hiyo ni ya rivolva ya kawaida yenye risasi ya kawaida. Ile inayopendwa kwenye sinema ni fupi na kali, na hapo hesabu inabadilika. Chukua risasi ya .357 Magnum. Ilitoka Marekani mwaka wa 1935, ikatengenezewa rivolva kubwa na nzito. Miaka ikasonga, watengenezaji wakaibana risasi hiyo hiyo kwenye chuma kidogo chenye mtutu wa kama inchi mbili. Siku hizi kuna zile za metali nyepesi ambazo hazifiki gramu 400, yaani kama simu mbili ukizishika pamoja. Nguvu ni ile ile, uzito wa kuizuia umeondolewa. Inapiga teke vibaya sana.

Na teke haliumizi mkono peke yake. Umewahi kusimama ndani ya mat halafu dereva aondoke ghafla? Gari linaenda mbele, wewe unabaki nyuma. Ndani ya rivolva kunatokea kitu kama hicho. Ukifyatua risasi ya kwanza, bunduki yote inarushwa nyuma pamoja na maganda ya risasi zilizobaki kwenye silinda. Vichwa vya risasi hizo vinataka kubaki palepale. Kama ganda halikukibana kichwa vizuri, kinachomoka kidogo. Risasi ya pili ikilia, kinachomoka tena kidogo. Mwishowe kichwa kimoja kinatokeza mbele ya silinda, kinagonga fremu, na silinda haizunguki tena. Hapo hata uvute traiga mpaka kesho. Bastola ya magazini ikikwama, mtu aliyefunzwa anaweza kuirekebisha kwa sekunde chache. Rivolva iliyokwama hivi mara nyingi inataka meza, vifaa na mtu mwenye subira.

Viwanda vizuri huzuia hayo kwa kuukunja mdomo wa ganda ukabana kichwa kisawasawa. Kwa hivyo uaminifu wa rivolva uko mikononi mwa mtu aliyetengeneza risasi, mtu ambaye hujui jina lake wala kazi yake.

Halafu kuna mtutu mfupi. Sehemu ya baruti inaweza kuwa haijamaliza kuungua wakati kichwa kinatoka, kwa hivyo sehemu ya nguvu inaishia hewani kama moto na kelele ya kupasua masikio. Kichwa kinatoka na kasi ndogo kuliko ile kilichoundiwa. Kuna risasi zenye shimo puani, zilizobuniwa zifunguke zikigonga mwili ili ziishie hapo. Kasi ikipungua, zinaweza kukataa kufunguka. Zinapita. Zikipita, zinaendelea na safari, na huku kwetu safari ya risasi huwa haina nafasi ya wazi: kuna ploti ya ghorofa sita, kuna nguo kwenye kamba, kuna mtoto anachungulia barabara.

Hayo yote ni kuhusu risasi mpya iliyotoka kwenye boksi. Ya mtaani je?

Risasi haipendi unyevu, mafuta wala joto kali. Ikiwekwa pakavu inaweza kukaa miongo na bado ilie. Lakini ikifichwa chini ya mabati yanayochemka mchana, au ikifukiwa kwenye karatasi ya plastiki karibu na mtaro, hakuna anayejua itafanya nini. Inaweza kunyamaza. Inaweza kuchelewa, ilie wakati mtu tayari anachungulia kwa nini imenyamaza. Mbaya zaidi, inaweza kulia nusu, kichwa kikabaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikakigonga kwa nyuma. Mtutu unapasukia mkononi. Hayo yanaweza kutokea kwa bunduki ya kiwandani. Sasa fikiria ile iliyochomelewa kwa bomba la maji.

Soma taarifa za DCI za miaka hii na utazoea sentensi moja: bastola ya kujitengenezea na risasi mbili. Bastola na risasi tatu. Watu husoma neno bastola. Mimi siku hizi nasoma hiyo namba. Mwenye leseni hununua risasi dukani, na cheti chake kinamwekea mpaka wa ngapi. Nani anauza risasi tatu? Ni mtu aliyezitoa mahali zilipokuwa nyingi.

Hapo kuna jambo ambalo sikuwa nalijua. Risasi huwa na alama kwenye kitako cha ganda, herufi na tarakimu za kiwanda, na mara nyingi mwaka. Kenya tuna kiwanda chetu cha risasi kule Eldoret, shirika la serikali chini ya Wizara ya Ulinzi. Mwaka wa 2008 watafiti wa Small Arms Survey ya Geneva walitoa ripoti kuhusu risasi haramu za Turkana Kaskazini. Walisoma vitako hivyo kimoja kimoja. Karibu nusu zilikuwa zimetengenezwa hapa nchini, na ripoti ikasema zilifika kule kupitia polisi, waliozigawa ili jamii ijilinde dhidi ya wavamizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Wengi wetu tuliambiwa kila risasi mbaya hutoka Somalia au Sudan Kusini. Turkana si Kayole, najua, na miaka imepita. Lakini kama vitako vilisomwa kule kwenye jangwa, kwa nini visisomwe Dandora?

Mnaosema bunduki haifuatiliki, kumbukeni 1969. Tarehe 5 Julai mwaka huo Tom Mboya, mbunge wa Kamukunji, huku kwetu, alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Rivolva ya .38 ilipatikana, kesi ikasikizwa, na mtu akahukumiwa kifo mwaka huo huo. Aliyemtuma, kama alitumwa, bado ni ubishi wa vinyozi. Lakini chuma chenyewe kilipatikana.

Sheria kuhusu risasi za serikali iko wazi pia. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema afisa akitumia bunduki lazima aripoti kwa mkubwa wake, hata kama hakuna kilichoharibika. Mtu akifa au akiumia vibaya, ripoti iende IPOA. Usiku wa 30 Machi 2020, siku chache baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Jina lake mnalijua. Polisi mmoja alishtakiwa kwa mauaji Juni mwaka huo. Familia ngapi za Eastlands zimezika mtu na hazijawahi kuambiwa hata risasi ilitoka bunduki gani?

Nina sababu ya kukazana na hii mambo. Mwaka jana mdogo wangu, darasa la sita, alirudi nyumbani na risasi nzima aliyookota karibu na steji. Si ganda, risasi yenyewe, na kichwa chake. Alitaka kuitoboa aivae shingoni. Mathe alikaa chini kwanza. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haitofautishi bunduki na risasi: kuwa nayo bila cheti ni kosa, hata moja. Kuitupa, mtoto mwingine ataiokota. Kuipeleka kituoni, nani ampeleke? Mimi? Kijana wa miaka 24 mwenye dredi anaingia kituo cha polisi na risasi mkononi. Mathe alisema hapana kabla sijafungua mdomo.

Mwishowe aliifunga kwenye leso, akamwita mama mmoja wa kanisa na mzee wa Nyumba Kumi, wakaenda watatu kwenye ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Jamaa wa mezani aliishika, akaigeuza, akauliza ni ya nani. Wakamwambia imeokotwa. Akawashukuru, akaiweka kwenye droo pamoja na pini za stepla. Mathe akauliza kama kuna mahali pa kuandika. Akaambiwa si lazima.

Ilikuwa kwetu usiku mzima, juu ya kabati. Sikuangalia kitako chake hata mara moja.