Simu inayoona gizani, na mzee wa viatu wa Ngara

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na si uvivu. Kazi ilinipeleka Nairobi kurekebisha programu ya mteja, kazi ya siku tatu ikawa ya majuma matatu. Wenzangu waandika programu wanajua mambo hayo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, kwa hivyo Nairobi huwa naenda kama mgeni. Safari hii nilifikia kwa binamu yangu, Ngara, ghorofa ya tano. Juu ya paa, pale wanapoanika nguo, unaliona jiji lote upande wa kusini: Times Tower yenye mita 140, KICC iliyofunguliwa 1973, na ng'ambo huko Upper Hill, Britam Tower yenye mita 200. Chini yako kuna magari ya Thika Road, taa nyeupe zikija na nyekundu zikienda. Jamani, ukiwa na kamera mahali kama hapo hulali!

Nikapiga picha usiku nne mfululizo. Usiku wa tano nikashuka barabarani, na hapo ndipo yalipotokea yaliyonifanya niandike leo.

Ilikuwa kama saa tatu. Kando ya barabara kuna mama anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari, ana balbu moja inayotumia betri. Mwanga ule mdogo juu ya beseni la mayai ulinipendeza. Nikanunua mawili, nikarudi hatua chache nyuma, nikainua simu na kupiga. Akaniona.

"Kijana, unapiga nini?"

"Napiga taa yako, mama. Imetoa mwanga mzuri."

"Leta nione."

Nikampa simu. Akaitazama, akacheka. "Mbona hapa ni mchana?" Kisha akanyamaza, akaisogeza simu karibu na macho. "Na huyu si mzee wa viatu? Amekaa kwa giza huko nyuma, hata mimi simuoni vizuri. Kwa picha yako anaonekana mpaka shati."

Nikageuka kutazama. Ni kweli. Nyuma yake, kama hatua kumi, kulikuwa na mzee amekaa karibu na gunia la viatu vya mitumba. Kwa macho yangu alikuwa kivuli tu. Kwenye simu alikuwa na uso, shati la mistari na viatu vimepangwa mbele yake.

"Itoe hiyo," mama akasema. "Yeye hukaa giza kwa sababu yake. Kanjo wakiiona je?"

Nikaifuta mbele yake. Akaridhika, nikala mayai yangu, nikaenda. Lakini njiani nikaanza kuona aibu, kwa sababu mimi najua maana ya "kufuta" kwenye simu. Nitaeleza, ila kwanza tuone simu inafanyaje uchawi huo.

Zamani kupiga picha usiku kulikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuiweka kamera juu ya miguu mitatu na kuacha shata wazi sekunde kadhaa. Magari yanakuwa mistari ya taa, na watu wanaotembea wanafifia au kupotea kabisa. Njia ya pili ni flashi. Flashi inawaka, kila mtu anageuka, na asiyetaka kupigwa anaziba uso au anakutukana. Kwa maneno mengine, flashi ilikuwa inabisha hodi.

Simu za siku hizi hazibishi. Google walitoa Night Sight mwezi Novemba 2018, na Apple wakafuata na iPhone 11 mwezi Septemba 2019. Ukibonyeza mara moja, simu inapiga fremu nyingi mfululizo, inazilinganisha pikseli kwa pikseli ili kuondoa mtikisiko wa mkono, kisha inachukua wastani. Hesabu yake si ngumu. Zile chenga za gizani hutokea bila mpangilio, kwa hivyo ukichanganya fremu 9, chenga zinapungua hadi theluthi moja. Ukichanganya 16, zinabaki robo. Mwanga halisi wa kitu uko palepale katika kila fremu, kwa hivyo haupotei. Baada ya hapo programu inapandisha mwanga wa sehemu zenye giza na kurekebisha rangi.

Kama mwandika programu navua kofia. Ni kazi safi sana. Lakini ninachosema ni hiki: programu hii imeondoa kitu ambacho watu walikuwa wakikitegemea, na hakuna aliyewauliza.

Tazama tofauti na taa ya barabarani. Mwaka 2002 Esther Passaris alianzisha Adopt-A-Light, mpango wa kuwasha taa za barabara za Nairobi kwa pesa za matangazo. Baadaye ikaja milingoti mirefu ya taa katika mitaa ya mabanda, ikaitwa Mulika Mwizi. Jina hilohilo Wakenya wakawapa pia wale simu wadogo wa bei nafuu wenye tochi. Mulika mwizi ya aina zote mbili ina uadilifu mmoja: ukimulikwa, unajua umemulikwa. Unaweza kuhama. Simu yangu ilimmulika yule mzee na yeye hakujua. Mwanga aliupata mpiga picha peke yake.

Najua mtakachosema. Barabara ni ya umma! Nakubali. Tena nisieleweke vibaya, sitaki tuanze kuomba vibali. Mpiga picha yeyote wa Nairobi anajua kero ya mlinzi anayetokea mbio mara tu unapofungua miguu mitatu ya kamera. Jiji linahitaji picha zake. Mtu kama Mutua Matheka, aliyesomea ubunifu wa majengo, amewaonyesha wengi Nairobi ambayo walikuwa wanaipita kila siku bila kuinua macho. Ghorofa halina aibu, lipige utakavyo.

Lakini mtu si ghorofa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Sheria haikugusi ukipiga kwa matumizi yako ya binafsi au ya nyumbani, lakini mambo hubadilika picha inapotumika kibiashara. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi 1,850,000 klabu ya Casa Vera ya Nairobi kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Huyo alikuwa amekuja kustarehe. Mzee wa viatu amekuja kutafuta unga, na faini yake yeye ni gunia lake kubebwa.

Sasa turudi kwenye ile aibu yangu. Nilipoifuta picha mbele ya mama, ilikuwa tayari imepanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kwenye Google Photos, picha iliyohifadhiwa huko ukiifuta inakwenda kwenye pipa la taka na kukaa siku 60. Tena ndani ya faili kuna maelezo yaitwayo EXIF: saa, aina ya simu na, kama hukuzima, mahali uliposimama. Mahali penyewe ni namba mbili tu. Zikiwa na desimali mbili, yaani 1.27 kusini na 36.82 mashariki, zinakuonyesha eneo la karibu kilomita moja, na hapo mzee hajulikani. Zikiwa na desimali tano, zinaonyesha kipimo cha mita moja. Hapo umemwonyesha mtu kwa kidole. Mama aliamini nimeitoa, na mimi nilimwacha aamini.

Usiku ule ule niliingia kwenye pipa nikaifuta kabisa. Basi, kwa wote mnaosafiri na simu zenu, ushauri wangu ni huu:

1. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera kabla ya kutoka usiku. Ukiwa unaihitaji kwa picha za majengo, izime unaposhuka barabarani.

2. Punguza mwanga kwa kidole kabla ya kubonyeza. Simu nyingi zina kitelezi hicho. Usiku uonekane usiku. Picha inakuwa nzuri zaidi, na aliye gizani anabaki gizani.

3. Kuza picha na ukague nyuma kabla ya kuituma kwa mtu. Jicho lako halikuona kila kitu ambacho simu imeona.

4. Ukimwambia mtu umefuta, futa na kwenye pipa, akiona.

Na kwa wenzangu tunaoandika programu: hayo manne yasingekuwa kazi ya mtumiaji. Kwa nini hali ya usiku isianze na kumbukumbu ya mahali ikiwa imezimwa? Kwa nini kusiwe na kitufe kimoja cha "futa kila mahali"? Huo si utafiti wa miaka kumi. Ni mistari michache ya programu na mkutano mmoja wa watu wanaomfikiria mzee wa viatu.

Kabla ya kurudi Mombasa nilipita tena kwa mama. Nikamwambia ukweli, kwamba ile picha ilikuwa bado ipo na sasa nimeiondoa kabisa. Akanitazama kwa muda. "Kwa hivyo ukifuta haifutiki?" Nikamwambia ndiyo, mpaka ufute mara mbili. Akatikisa kichwa, akanimenyea yai. Kisha akavuta beseni karibu na balbu, akajikalisha vizuri mbele yake, akasema sasa naweza kumpiga yeye, lakini nisimame upande ule mwingine.

Nikasimama upande ule. Nyuma yake kulikuwa na ukuta tu.