Vidole vya mtoto vikiuma, angalia kwanza nyuzi za gitaa

Wiki ya kwanza mtoto haliachi gitaa. Wiki ya tatu gitaa limeegemezwa nyuma ya mlango, na nyumbani anaitwa mvivu. Kabla ya kumhukumu, mzazi amwangalie ncha za vidole, kisha aziangalie nyuzi.

Magitaa yasiyotumia umeme ni ya aina mbili: ya nyuzi za nailoni na ya nyuzi za chuma. Nailoni ni laini na haikazwi sana, hivyo humfaa anayeanza. Chuma hulia kwa nguvu zaidi, lakini huchoma vidole.

Aina hizi hazibadilishwi ovyo. Nyuzi za chuma zikifungwa kwenye gitaa la nailoni, mvuto wake unaweza kupinda shingo au kubandua kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi tumboni. Kuzitofautisha si kazi: uzi wa nailoni kwa kawaida hufungwa fundo, wa chuma una kijipete mwishoni, kinachobanwa ndani ya tundu kwa kipini.

Kama gitaa ni la chuma, soma namba kwenye pakiti. Namba hiyo ni unene wa uzi mwembamba kuliko yote. Namba 10 ina unene wa milimita 0.25 hivi, namba 13 milimita 0.33. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kidole cha mtoto huihisi. Mtoto aanze na 10 au 11. Sauti itapungua kidogo, ila atacheza muda mrefu zaidi bila kuumia. Rangi ya nyuzi, ya dhahabu au ya shaba, hubadilisha mlio zaidi kuliko maumivu.

Ikiwa bado ni kazi kubonyeza, huenda nyuzi zimeinuka mno kutoka kwenye shingo. Fundi wa magitaa anaweza kuzishusha.

Nyuzi zenye kutu zibadilishwe, kwani huchubua ngozi. Baada ya mazoezi zifutwe kwa kitambaa kikavu. Ncha zinazobaki kichwani mwa gitaa baada ya kufunga nyuzi mpya zikatwe, zisije zikamchoma mtoto jichoni.

Maumivu kidogo ya ncha za vidole ni ya kawaida majuma ya mwanzo, mpaka ngozi ikomae. Dakika 10 au 15 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Lengelenge likitokea lisitumbuliwe. Mtoto apumzike hadi lipone.

Ganzi ya vidole, au maumivu ya kifundo cha mkono au kiwiko, ni jambo jingine. Hapo mazoezi yasimame, na hali ikiendelea mtoto apelekwe kwa daktari. Kumwambia avumilie si malezi, na wala hakumfanyi kuwa mwanamuziki.