Mandela, Winnie na msemo wetu wa "akioa atatulia"

Msomaji wetu akipata nafasi ya kutembea katikati ya jiji la Johannesburg, afike mtaa wa Fox, mkabala na mahakama ya hakimu mkazi. Hapo ataliona jengo la Chancellor House, ambako Nelson Mandela na Oliver Tambo walifungua ofisi yao ya uwakili mwaka 1952. Wageni hulipiga picha kwa sababu ya siasa. Sisi leo tunalizungumzia kwa sababu ya mapenzi, maana humo pia ndimo ilimoanzia hadithi ambayo vijana wetu walioko Sauzi, na hata wazazi walioko nyumbani, wanapenda kuisimulia kama mfano wa kiwembe aliyetulizwa na binti wa geti kali.

Mwaka 1957 Mandela alikuwa na miaka 38. Alikuwa wakili mrefu, bondia wa mazoezi, suti zake za kushonesha, gari lake Oldsmobile, na alikuwa mmoja wa washitakiwa 156 waliokamatwa Desemba 1956 kwa kesi ya uhaini. Waandishi wa maisha yake hawakuficha kwamba miaka hiyo alikuwa mtu wa wanawake wengi, na nyumbani alikuwa na mke, Evelyn Mase, waliyeoana mwaka 1944.

Winnie Madikizela alikuwa na miaka 20. Baba yake, Columbus, alikuwa mwalimu huko Bizana, na binti mwenyewe alikuwa amemaliza chuo cha ustawi wa jamii cha Jan Hofmeyr pale pale Johannesburg, akawa mtu mweusi wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hiyo katika hospitali ya Baragwanath. Alikuwa akiishi katika hosteli ya wasichana Jeppestown. Kwa lugha ya kwetu, binti wa watu.

Mandela alimpigia simu akisema anataka msaada wa kuchangisha fedha za kesi. Sababu nzuri hiyo, na ilikuwa ya kweli, lakini mzee mwenyewe baadaye alikiri kwamba ilikuwa kisingizio. Akampeleka kula mchana katika mgahawa wa Wahindi karibu na ofisi. Binti hakuwa amewahi kuonja mchuzi wa binzari na pilipili, akawa anashushia kwa maji, glasi baada ya glasi. Winnie alisimulia pia kwamba hakuwahi kuulizwa kama anakubali kuolewa. Siku moja alielezwa tu kuwa yuko mama mmoja fundi wa nguo, aende akapimwe gauni la harusi! Talaka ya Evelyn ilitoka Machi 1958, na harusi ikafungwa Bizana tarehe 14 Juni mwaka huo huo, bwana harusi akiwa na ruhusa ya serikali ya siku sita tu kutoka Johannesburg. Baba wa binti alimwambia mbele ya wageni kwamba anaolewa na mtu aliyekwisha kuoa mapambano.

Je, alitulia? Hapo ndipo tunapotofautiana na wasimulizi. Hatukupata kujua. Oktoba 1958 Winnie, akiwa mjamzito, alikamatwa pamoja na mamia ya wanawake waliopinga pasi jijini humo, akawekwa gereza la Fort, na kazi ya Baragwanath ikaota mbawa. Mwaka 1961 mume alijificha. Mapema mwaka 1962 alipita Tanganyika na kuonana na Mwalimu Nyerere, huku mkewe akiwa Soweto na watoto wawili wadogo. Agosti mwaka huo akakamatwa. Hadithi ilibaki tamu kwa sababu gereza liliikata mapema, kabla mtu hajaona kama msemo wetu wa "akioa atatulia" una ukweli wowote.

Na Winnie, aliyekuwa na miaka 25, alitakiwa asubiri. Alisubiri kwa namna yake, akifungwa, akiwekwa peke yake korokoroni, na mwaka 1977 akahamishiwa kwa nguvu Brandfort. Hatuandiki haya kumsafisha. Mwaka 1991 alitiwa hatiani kwa utekaji katika mkasa ambao ndani yake aliuawa kijana Stompie Seipei wa miaka 14, na damu ya mtoto haiwezi kufutwa kwa sifa. Lakini hebu sikilizeni watu wetu wanavyozungumza vijiweni. Hilo la Stompie wengi hawalijui kabisa. Wanalolijua na kulirudia ni kwamba "alimsaliti mzee". Mambo yake ya mapenzi yalisomwa mahakamani Machi 1996, katika mahakama kuu ya Johannesburg, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Chancellor House, na mzee akapewa talaka yake. Ya mzee mwenyewe ya miaka ya 50 tunayaita ujana.

Tumesikia wazazi wakimpa kijana binti kwa matumaini hayo hayo: ana mambo mengi huko Sauzi, lakini akipata mke mwenye adabu atanyooka. Binti anapanda basi kwenda kufanya kazi ya kumrekebisha mtu asiyemjua, na akishindwa, lawama ni zake.

Kuna mmoja tumemtaja kwa kupita, kama wanavyompita wote. Evelyn alikuwa muuguzi, na mshahara wake ndio ulioendesha nyumba mumewe alipokuwa akisomea sheria. Alimzalia watoto wanne, mmoja akafariki akiwa mchanga. Mandela alipotoka rumande kwa dhamana baada ya kukamatwa kwa uhaini, alikuta mkewe amekwisha kuondoka. Evelyn baadaye alirudi Transkei, akafungua duka Cofimvaba, akaishi huko miaka mingi mpaka karibu na kifo chake mwaka 2004. Tungependa siku moja kuisikia hadithi hii ikianzia kwake.