Uyoga wa Mario na Barakoa za Zau

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini siku hizi walezi ni wengi kuliko wazazi. Ipo redio, ipo televisheni, ipo simu ya mkononi, na ipo michezo ya video ambayo vijana wetu huiita gemu. Wazee wengi wa pwani wakiulizwa juu ya michezo hiyo husema ni upuuzi wa kupoteza wakati, na wakishasema hivyo huona wamemaliza. Mimi naona hawajaanza. Mlezi aliyekwisha kuingia nyumbani hatoki kwa kutukanwa; kwanza huulizwa anamfundisha mtoto nini.

Nilipata kulifikiri jambo hili mbali na bahari, huko Kapsoit, mji mdogo wa soko ulio katika barabara itokayo Kericho kwenda Kisumu, penye mashamba ya chai kila upande. Katika kibanda kimoja cha mabati walijazana watoto mbele ya kioo, mmoja akicheza na wengine wakimwelekeza kwa makelele. Nilipouliza kinachowapandisha moto, kijana mmoja akanijibu: "Mzee, huyu akikula uyoga anakuwa mkubwa." Maneno yale ni mafupi, lakini ndani yake mna fundisho zima juu ya nguvu: inatoka wapi, inapatikanaje na inakaa kwa muda gani.

Kwa msomaji asiyeijua michezo ya aina hii, mhusika hukimbia na kuruka kutoka ukingo hadi ukingo, na akikosea hutumbukia shimoni. Ulio mashuhuri kupita yote ni Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985 chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto, na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Mario ni fundi mdogo mwenye masharubu. Akigonga tofali fulani kutoka chini, hutoka uyoga, akiupata, hukua. Akipata ua la moto, mavazi yake hubadilika rangi naye huanza kurusha mipira ya moto. Akipata nyota, hakuna adui awezaye kumdhuru kwa sekunde chache. Katika mchezo wa tatu, wa mwaka 1988, hupata jani likampa masikio na mkia wa mnyama, akaruka angani. Katika ule wa mwaka 2023, uitwao Super Mario Bros. Wonder, hugeuka hata tembo.

Hayo ndiyo maumbo ya nguvu, na yana sheria mbili. Ya kwanza, nguvu huokotwa. Mario hakuisomea wala hakupewa na mzee wake. Aliikuta njiani ndani ya tofali. Ya pili, nguvu haidumu. Adui akimgusa mara moja, ukubwa wote humwondoka akarudi kuwa kijitu kile kile cha mwanzo. Mtoto anayecheza kwa saa nyingi huzipokea sheria hizo bila ya kuambiwa na mtu. Hujifunza kuwa mwenye nguvu ni mwenye bahati ya kuokota, na kwamba kazi kubwa ya maisha ni kukimbilia tofali lijalo.

Hata hivyo tuwape Wajapani haki yao. Lile jani la mwaka 1988 hawakulibuni hewani. Katika ngano za kwao yuko mnyama aitwaye tanuki, ambaye huweka jani kichwani akajigeuza umbo atakalo. Walichukua hadithi za mabibi zao wakazitia kwenye mashine, na leo mtoto wa Kapsoit anazicheza bila ya kujua asili yake. Sisi tuna Fumo Liyongo, shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kitovuni, na aliyeifichua siri hiyo ni mwanawe mwenyewe. Mhusika gani wa gemu anampita? Lakini Liyongo amebaki katika tenzi na vitabu, na vijana wetu wanamjua Mario.

Tena kule Kapsoit kwenyewe lipo somo la kubadilika umbo ambalo halifanani na la Mario. Wenyeji wa huko ni Wakipsigis, na kwa mila yao mvulana akiisha kutahiriwa na kufunzwa jandoni, hutoka na jina jipya: huitwa arap, yaani mwana wa, likifuatwa na jina la baba yake. Kabla ya hapo ni mtoto. Baada ya hapo ni mtu mzima na ana wajibu wa mtu mzima. Umbo hilo halikuokotwa tofalini. Limetoka kwa wazee, limetanguliwa na maumivu na mafunzo, na adui hawezi kumvua kwa kumgusa.

Kwa sababu hiyo nilifurahi kuona kuwa umetokea mchezo wa kuruka kingo wenye nguvu ya namna hii ya pili, na tena una damu ya Afrika Mashariki. Unaitwa Tales of Kenzera: ZAU, uliotoka mwezi wa Aprili 2024. Mwenye kuubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliutunga kutokana na msiba wa kufiwa na baba yake. Ndani yake kijana Zau amefiwa na baba, naye anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti wa hadithi hiyo, kwamba atamletea roho tatu kubwa ili arudishiwe mzazi wake. Nguvu zake zimo katika barakoa mbili, ya Jua na ya Mwezi. Akivaa ya Jua hupigana kwa karibu. Akivaa ya Mwezi hupiga kwa mbali. Barakoa hizo ni urithi wa baba yake. Na mchezo huo waweza kuuchezwa wote kwa sauti za Kiswahili.

Najua msomaji wangu amekwisha kukunja uso: mizimu, barakoa, mungu wa mauti! Ana haki. Mwislamu anajua kuwa roho ziko mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake, na hakuna wa kufanya naye biashara ya kumrudisha maiti. Mtoto atakayeucheza mchezo huo aambiwe hivyo waziwazi, wala asiachwe abahatishe. Lakini tuuhukumu baada ya kufika mwisho wake. Zau anapita mabonde na milima, na mwisho hafundishwi kumrudisha baba. Anafundishwa kumwacha aende. Njiani akiketi chini ya mbuyu na kuusema msiba wake, uhai wake huongezeka. Kwa lugha yetu hiyo ni subira, na kijana aliyefiwa huihitaji zaidi kuliko uyoga.

Chuoni tulifunzwa kisa cha Nabii Musa na fimbo yake. Sifananishi muujiza na mchezo, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba fimbo ile ilikuwa ya kuegemea na ya kuangushia mbuzi majani, nayo ikageuka nyoka kwa idhini, na kwa ajili ya kazi iliyoamrishwa. Nguvu ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wala jambo hili si la kioo tu. Mwezi wa Mei 2023, katika mashamba makubwa ya Kericho, waandamanaji walichoma moto mashine za kuchumia chai. Kwa miaka mingi wazazi wa huko wamekula kwa vidole vyao, wakichuma majani mawili na kichipukizi. Mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi. Aliyeishika amekuwa kama Mario aliyekula uyoga, na asiyeishika ameachwa ukingoni. Mtoto wa mchuma chai anayeona hayo nyumbani, kisha akafundishwa na gemu kuwa nguvu ni ya kuokota, atangoja tofali. Akifundishwa kuwa nguvu ni elimu na ufundi, huenda kesho akawa ndiye mwenye kuzitengeneza mashine, au mwenye kuzitetea haki za waliopokonywa kazi. Nami nalisema kwa ubeti:

Nguvu uliyookota, njiani hukudondoka,
Kishindo kikikupata, umbo lako latoweka;
Ya chuo ukiifata, ukasoma ukashika,
Hiyo haitakuwata, hata ukaja anguka.

Mwaka huo huo wa 2024, miezi michache baada ya mchezo wa Zau kutoka, kampuni iliyoutengeneza ilipunguza wafanyakazi wake. Kazi njema isiyo na wanunuzi haina umri. Basi mzazi ambaye kijana wake hacheziki bila ya gemu asimnyang'anye tu. Akae naye saa moja amwulize: huyu amepata wapi nguvu zake, na akizipoteza atabaki na nini? Na washairi wenzangu, tuache kulalamika kwamba vijana wameikimbia fasihi. Mashine zinahitaji hadithi, na hadithi tunazo. Wajapani walianza na jani moja tu la tanuki.