Kwale: Nchi ya Kaya na Minazi

Mtu avukaye Likoni kwa feri na kuelekea kusini huingia, baada ya mwendo si mrefu, katika nchi ya Kwale, ambayo hushuka na bahari mpaka Lunga Lunga na Vanga, mpakani mwa Tanzania. Kwale ni jina la ndege yule wa porini afananaye na kuku, ambaye kila mkulima amemwona akifukua mbegu shambani. Makao makuu ya kaunti yana jina hilo hilo, nayo hayako ufukoni bali juu ya vilima vya Shimba. Basi mgeni anayedhani kwamba Kwale ni mchanga mweupe wa Diani ameiona nchi hiyo kwa pindo lake tu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu 866,820, na eneo lake lapita kilomita za mraba 8,000.

Nchi yenyewe imelala kwa mikanda mitatu. Ule wa kwanza ni wa bahari, wenye minazi, mikorosho, miembe na biksa, ambayo mbegu zake hutoa rangi ya kutiwa katika vyakula. Wa pili ni vilima vya Shimba, vyenye ukungu wa asubuhi na msitu uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Humo anaishi palahala, mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma, ambaye katika Kenya nzima haonekani porini mahali pengine. Wa tatu ni nyika ya Kinango, nchi ya Waduruma na mifugo yao, ambako mvua ni chache na mahindi hukauka yangali machanga. Chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba zimekuwa zikipeleka maji Mombasa kwa mabomba tangu zama za ukoloni, hali wanawake wa Kinango wangali wakitembea na madumu kutafuta maji ya mabwawa. Wenyeji hulitaja jambo hili mara kwa mara, wala si bila haki.

Wenyewe wa nchi ni Wadigo na Waduruma, ambao ni wawili kati ya makabila tisa ya Wamijikenda. Wako pia Wavumba wa Wasini na Vanga, Wachifundi wa pwani ya Shimoni, Wakamba waliopewa mashamba Shimba Hills tangu miaka ya 1950, na wengine ambao habari zao zitafuata.

Wazee wa Wamijikenda husimulia kwamba asili yao ni Shungwaya, kaskazini, na kwamba walishuka kusini kwa kufukuzwa na maadui. Wadigo, kwa masimulizi hayo, ndio waliotangulia kuondoka. Walijenga kwanza katika vilima, mahali paitwapo Kaya Kwale, kisha wengine wakateremka Kinondo, karibu na bahari. Kaya ilikuwa mji uliojificha ndani ya msitu mnene. Watu walipita katika njia nyembamba zenye malango, na katikati palikuwa na uwanja wa baraza na fingo, yaani kago la ulinzi lililozikwa ardhini. Hatari zilipopungua watu walitoka, wakatawanyika kulima na kufuga. Lakini msitu haukukatwa. Makaburi ya wakubwa yalikuwa humo, na sala za kuomba mvua zilifanywa humo. Mtu hakuruhusiwa kuvunja hata kijiti cha kuni.

Mwiko ndio uliokuwa ua wa kaya. Ua huo haukuhitaji seng'enge wala askari, na kwa vizazi vingi ulitosha. Ndiyo sababu leo, mtu akitazama pwani kutoka angani, vipande vya miti mikubwa vilivyosimama peke yake kati ya mashamba na nyumba aghalabu huwa ni kaya. Ndani yake wataalamu wamekuta miti na mimea ambayo ni haba sana kwingineko duniani. Waliohifadhi hayo yote hawakuwa wataalamu. Walikuwa wazee wenye bakora, wengi wao hawakujua kusoma.

Lakini mwiko humfunga yule anayeuamini. Vijana walipoacha kuuamini, bei ya mbao ilipopanda, na wageni walipokuja kutafuta viwanja, ua ule ulianza kubomoka.

Hapa inafaa kueleza desturi moja ya Wadigo kuhusu mali, maana bila hiyo mashaka ya ardhi ya Kwale hayafahamiki. Zamani urithi wa Wadigo ulikuwa wa kuukeni: mtu alipofariki, mali yake ilikwenda kwa watoto wa dada yake, si kwa watoto wake wa kuzaa. Waduruma wao walihesabu pande zote mbili, kuukeni na kuumeni. Uislamu ulipoenea kwa Wadigo, ukaja na mafungu yake ya mirathi ambayo humpa mtoto haki kwa baba yake. Basi mpwa alikuja kudai minazi ya mjomba, na mtoto akasimama kuikataza, kila mmoja akiwa na sheria yake mkononi. Kesi za namna hiyo ziliwachosha makadhi na mabaraza ya wazee kwa miaka mingi. Tena mnazi na ardhi havikuwa kitu kimoja. Mtu aliweza kupewa ruhusa ya kupanda katika ardhi ya mwenziwe, na minazi ikawa yake yeye na warithi wake, ingawa ardhi ilibaki ya mwenyewe. Kwa wenyeji jambo hilo halikuwa na fumbo lolote; kila mti ulikuwa na mtu wake, na majirani walikuwa mashahidi.

Serikali ya Kiingereza ilipotunga mwaka 1908 sheria ya hati za ardhi kwa mwambao, iliuliza swali jingine kabisa. Iliwataka wenye kudai ardhi wapeleke madai yao mbele ya afisa, nayo ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waliozoea karatasi na mahakama walikwenda. Wengi katika Wamijikenda hawakwenda, kwa kuwa ama habari hazikuwafikia, ama hawakuona sababu ya mtu kuandika dai juu ya mahali alipozikwa babu yake. Matokeo yake yalionekana wazi baada ya vizazi viwili, hoteli za watalii zilipoanza kujipanga Diani katika miaka ya 1970. Ufuko ambao wavuvi waliutumia kuanika nyavu ukawa na hati, na majina katika hati hizo mara chache yalikuwa ya wavuvi. Watoto wao walipata kazi za upishi, bustani na ulinzi, na kazi ni jambo jema. Lakini mlinzi wa lango katika kiwanja ambacho ukoo wake ulikitumia bila kuomba ruhusa ya mtu ana mengi ya kufikiri usiku.

Hata kaya hazikusalimika. Kaya Diani na Kaya Ukunda zilimegwa kando kando. Katika kisiwa cha Chale, ambacho nacho ni mahali patakatifu pa Wadigo, hoteli ilijengwa katika miaka ya 1990, ingawa wazee walipinga.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mwiko peke yake hautoshi, na kwamba kaya nazo zinahitaji karatasi. Kuanzia mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya, moja baada ya nyingine, kuwa kumbukumbu za taifa chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza misitu ya kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na Kinondo imo. Mgeni akifika Kinondo leo hupokewa langoni, hulipa ada ambayo huwasaidia wanakijiji, hufungwa kaniki kiunoni awe Mzungu au Mwafrika, na huambiwa asichukue hata jani moja. Wenyeji wengi ni Waislamu, na wapo walimu wa dini wasiopendezwa na sala za kaya. Hata hivyo, wengi wanaosali Ijumaa msikitini huona vibaya shoka likiingia kayani.

Nguvu ya karatasi ilijaribiwa hasa katika kilima cha Mrima. Kilima hicho ni kaya, na chini yake kuna madini ya naiobi na mengine adimu ambayo viwanda vya dunia huyatafuta sana. Kampuni moja ya kigeni ilipata leseni ya kuchimba, na leseni hiyo ikafutwa mwaka 2013. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi. Mwaka 2018 baraza hilo liliamua kwamba leseni haikuwa halali, kwa sababu Mrima ulikuwa msitu uliohifadhiwa na kumbukumbu ya taifa, na masharti ya sheria ya mazingira hayakutimizwa. Ni ajabu kufikiri kwamba wanasheria waliosoma sana walibishana juu ya msitu ambao wazee walikuwa wamekwisha kuukataza bila kuandika neno. Kwingineko, huko Maumba na Nguluku, mchanga wenye titani ulichimbwa tangu mwaka 2013 hadi Desemba 2024, na familia zilizokuwa hapo zilihamishwa kwanza. Huko hapakuwa na kaya ya kuwakinga.

Ghuba ya Gazi imepata karatasi ya namna mpya. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni hutunza mikoko, na tangu mwaka 2013, chini ya mpango uitwao Mikoko Pamoja, huuza kwa watu wa ng'ambo hati za kaboni inayowekwa na miti hiyo. Fedha hizo zimekwenda katika maji na shule. Wavuvi wa zamani wangecheka kusikia kwamba hewa inauzwa. Wajukuu wao wanateka maji bombani.

Wako watu ambao mashaka yao hayakuwa ya hati ya shamba, bali ya karatasi ndogo zaidi. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji katika zama za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Walizaa na kuzika Kwale, wakachonga mpingo kwa ustadi unaojulikana mbali, lakini hawakuhesabiwa kuwa raia. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, kazi nazo zikapotea. Mtu asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti benki wala kuandikisha ardhi. Oktoba 2016 kundi lao lilianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na Februari 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, ambao wamevua samaki kwa vizazi kadhaa Shimoni, Vanga na hata Kilifi. Baada ya kutambuliwa, mvuvi wa Kipemba aliweza kwenda ofisini kuomba leseni ya kuvua kwa jina lake mwenyewe.