Makala ya Kolwezi ilifika Cannes, siye je?

Mwaka 2017 kule Cannes, Ufaransa, filme yenye jina Makala ilipata zawadi kubwa ya Semaine de la critique. Aliyeitengeneza ni Mfaransa, Emmanuel Gras, lakini Kiswahili cha mule ni chetu, na barabara ni yetu ya kuingia Kolwezi. Kijana anakata muti, anauchoma, anafunga mifuko ya makala ku kinga, anasukuma kilomita karibu 50. Lori inamwangushia mizigo. Mbele kuna watu wanaomudai feza ili apite. Mu muji anauliza bei ya malata ya nyumba anayotaka kujenga, anakuta haiwezekani.

Bandugu bengine wanasema filme ile inatuhaibisha. Sisi mu sendika hatukubali. Bibi zetu njo wanaonunua makala ile! Tunatoa shaba na kobalti usiku na mchana, na jioni mama anapepea mbabula juu umeme hakuna. Filme haihubiri hayo, inamwangalia tu mtu akisukuma. (Inakwenda polepole kweli, bengine watasinzia.)

Kwa bana kuna Machini, fupi, ya Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi. Waliitengeneza na mawe na chaki.

Sasa tutaziona wapi? Tuliomba wakubwa wa kazi sale moja kwa jumamosi, jibu bado. Mwenye projekta na groupe ya umeme aje atuone ku biro ya sendika, mafuta tutachanga.