Mhubiri Naye Apewe Jembe

Wahenga wetu walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ni ya wageni wa nyumbani, ila leo, wasomaji wapenzi, nataka kuwaelekezea wageni wa dini, wale wafungao safari kwenda kuhubiri bara, na hasa pande za Kitale na Bungoma.

Tuwatazame kwanza wamishonari. Mwaka 1902, baada tu ya reli kufika Kisumu, Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, walipiga kambi Kaimosi: Edgar Hole, Arthur Chilson na Willis Hotchkiss. Kazi yao haikuwa mahubiri matupu. Walipasua mbao, wakafungua shule, wakatibu wagonjwa. Mwenzao, Emory Rees, alikaa na Wamaragoli miaka mingi hata akalifasiri Agano Jipya kwa lugha yao. Baadaye kazi hiyo ikafika Lugulu, kwa Wabukusu wa Bungoma. Imani yao si yetu, lakini mwenye haki apewe haki yake: watu hao walishika jembe.

Ama jembe peke yake halitoshi pasipo heshima. Elijah Masinde wa Kimilili alilelewa katika kanisa hilo hilo, kisha akalitoka, na katika miaka ya 1940 akaongoza Dini ya Msambwa. Aliwataka watu wake warudie ibada za mababu na wamkatae Mzungu, ambaye walowezi wake walikuwa wamekwisha kujigawia mashamba ya Trans Nzoia. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilimkamata ikamhamishia wapi? Lamu, kwetu huku! Mtu aliyefundishwa kusoma na wageni alikuwa ameona kwamba wageni hao hawakumthamini yeye na wazee wake.

Na sisi je? Katika karne ya 19 Uislamu ulifika Mumias, kusini ya Bungoma, kwa miguu ya wafanyabiashara wa pwani. Hawakuwa na vipaza sauti. Walikaa, wakauza, wakaoa, wakazikana huko huko. Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu, na mpaka leo Mumias ina Waislamu wa kuzaliwa.

Siku hizi mara nyingi mambo ni kinyume. Gari hutoka Mombasa na vijana wenye kanzu safi. Mihadhara sokoni wiki moja, watu wachache hutamka shahada, takbiri hupigwa, gari likarudi. Je, mama aliyesilimu kijijini atafundishwa Alfatiha na nani? Ukoo wake ukimtenga, atasimama naye nani? Akifa, nani atamkosha na kumsalia?

Rai yangu ni hii: badala ya safari kumi za wiki moja, tumpeleke mwalimu mmoja akae miaka kumi. Ajifunze Kibukusu. Alime mahindi kama jirani zake. Azuru wagonjwa bila kuwauliza dini zao, na awaamkie wazee kama wanavyoamkiwa kwao. Fedha tunazomwaga kwenye petroli na turubai zingemlisha yeye na watoto wake.

Ikiwa hatuko tayari kumlisha mwalimu huyo, basi tusiende kuwatamkisha watu shahada sokoni na kuwaacha mayatima wa dini.